Tusimwambie Mtoto "Vumilia" Tu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya walimu na wazazi wa Kamati ya Elimu katika sherehe ya Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya Nyarugusu, Kasulu)



Tumepewa dakika ishirini. Watoto wamesimama hapa tangu saa mbili na jua limekwisha kupanda, kwa hiyo tutajitahidi zisizidi.

Siku hii tunaiadhimisha kwa sababu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, nayo imeadhimishwa tangu 1991. Mara nyingi hotuba za siku hii hueleza ushujaa wa watoto wale. Ni sawa. Lakini sisi tunajiuliza swali jingine: walimu wao na wazazi wao walikuwa wamewaambia nini kabla ya siku ile? Bila shaka wengi waliambiwa neno lile lile tunalowaambia watoto wetu hapa kila siku, neno "vumilia."

Ndugu zetu, hilo ndilo tulilokuja kulisema. Neno "vumilia" limekuwa dawa yetu ya kila ugonjwa. Mtoto akisema ana njaa, vumilia. Akisema anaogopa njia ya kuni, vumilia. Akisema usiku anaota maiti, vumilia, sote tumeona. Na methali tunamwongezea, kwamba mvumilivu hula mbivu. Mtoto aliyezaliwa hapa kambini, akakua hapa, naye sasa amebeba mtoto wake mgongoni hapa hapa, tunamwambia habari za mbivu gani?

Hatusemi kuvumilia ni vibaya. Sisi wenyewe, tulipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kutoka Fizi, Baraka na Uvira, wengine katika mitumbwi iliyojaa hadi maji yakiingia, tusingefika Kigoma bila kuvumilia. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto avumilie na kumfundisha namna ya kustahimili. Jambo la kwanza ni amri, nayo haimgharimu chochote anayeitoa. La pili ni kazi, na huanzia kwa mtu mzima.

Tutatoa mfano ambao hautupi sifa. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, kulikuwa na mvulana wa mwaka wa nne. Umri wake tunakisia ulikuwa miaka kumi na miwili. Alikuwa akisinzia darasani tangu somo la kwanza. Mwalimu wake, ambaye ni mmoja wetu na amekubali habari hii isemwe, alimwamsha kwa fimbo. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akamtoa nje asimame juani mbele ya wenzake. Siku ya nne mtoto hakuja. Tukamwandika katika daftari kuwa ni mtoro, tukaendelea na hesabu za sehemu.

Zikapita wiki mbili. Binti aliyekuwa akikaa naye dawati moja akamwambia mwalimu, "Yule ndiye mama wa nyumba yao." Ndipo tulipokwenda kwenye bloku yao kuuliza. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali, baba hayupo. Mtoto aliamka saa tisa usiku kupanga madumu kwenye foleni ya bomba, akarudi kuwasha moto na kupika uji kwa wadogo zake wawili, akawaosha, mmoja akamwacha kwa jirani, mmoja akamfikisha shule, ndipo naye akaja kusinzia mbele yetu. Tulipomkuta alikuwa ameanza kulima vibarua vya watu. Alirudi muhula uliofuata, lakini masomo yalikuwa yamekwisha kumwacha, ikabidi arudie mwaka.

Mtoto yule hakukosa uvumilivu. Alikuwa nao kutuzidi sote tuliomo katika uwanja huu. Alichokosa ni mtu mzima mmoja wa kumwuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi?"

Na jambo hili halikuanza kwetu. Wataalamu wa mambo ya watoto wamelichunguza miaka mingi, na uchunguzi mmoja tunapenda kuueleza kwa sababu walioufanya walikuwa na subira ya kweli. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, wataalamu wawili akina mama, Emmy Werner na Ruth Smith, walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Waliwafuata tangu utoto, wakawaona tena wakiwa vijana wa miaka 18, tena wakiwa na miaka 32, tena wakiwa na miaka 40. Watoto kama mia mbili kati yao walianza maisha na mizigo mingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, shida wakati wa kuzaliwa. Mtu angedhani wote wataharibika. Lakini mmoja katika kila watatu alikua vizuri, akawa mtu mzima anayejiweza na anayejali wenzake.

Walikuwa na nini hao? Hawakuwa na fedha kuliko wenzao. Wengi walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewapenda bila kuyumba: bibi, shangazi, jirani, na mara nyingi mwalimu. Walikuwa na kazi fulani waliyotegemewa kuifanya, na kitu fulani walichokiweza. Na wale wawili wengine katika kila watatu? Wengi waliingia katika matatizo ujanani, lakini walipofika umri wa miaka thelathini na arobaini sehemu kubwa yao walikuwa wamesimama tena, baadhi kwa kurudi masomoni, wengine kwa kazi, au ndoa njema, au imani. Wazazi ambao watoto wenu wamekwisha kuacha shule, habari hii ni yenu pia. Msiwafungie mlango.

Sasa, walimu wenzetu hutuuliza: darasa lina watoto mia na zaidi, asubuhi zamu moja na mchana nyingine, huyo mtu mmoja nitakuwaje kwa wote? Ni swali la haki. Hatuna jibu la kuliondoa. Tunaweza tu kueleza yale tuliyojaribu.

Mnajua kengele zetu ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma. Palikuwa na msichana ambaye kila ilipogongwa aliingia chini ya dawati. Wenzake walicheka, wakampa na jina ambalo hatutalirudia. Mwalimu wake hakumkemea, wala hakumwambia ajikaze. Alimwita wakati wa mapumziko akamwuliza kama angependa kuiona kengele kwa karibu. Siku ya kwanza waliigusa tu kwa mkono. Baada ya siku kadhaa akaigonga taratibu kwa kijiti. Baadaye mwalimu akamwuliza kama angependa kazi ya kugonga kengele, akakubali. Mtoto anayejua ni lini mlio utakuja, kwa kuwa mkono ni wake, hashtuki kama yule anayeshtukiziwa. Ikachukua karibu muhula mzima. Mwalimu hakuwa na semina wala kitabu juu ya jambo hili. Alikuwa na macho.

Yapo mengine madogo tunayofanya. Asubuhi mwalimu husimama mlangoni na kumsalimu kila mtoto kwa jina lake, hata kama ni mia. Huchukua dakika saba, tumezipima. Ratiba ya siku huandikwa ubaoni na kufuatwa, maana mtoto ambaye maisha yake yote yanapangwa na watu asiowajua hupata nguvu kwa kujua kwamba baada ya hesabu ni kuimba, na kweli ikawa kuimba. Kabla ya mtihani tunapumua pamoja, polepole, kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita. Wazee wengine walidhani tunaleta dini mpya. Ni pumzi tu. Ukiitoa taratibu, mapigo ya moyo hutulia, na kichwa kinaweza kufanya kazi.

Na mambo ya moyo tunayaeleza kwa Kiswahili. Masomo yetu yafuata mtaala wa Kongo na lugha yake ni Kifaransa, nasi twataka watoto wakijue vizuri. Lakini mtoto atakuambia kwa lugha ya nyumbani kwamba ana moyo mzito, au kichwa kinamjaa, au tumbo linamchemka akimwona mtu fulani. Kwa Kifaransa atakujibu kwamba hajambo, kwa sababu hilo ndilo alilokariri.

Zoezi ambalo tunapenda kulieleza kwa urefu ni la mistari. Mwalimu huchora mistari miwili ardhini, zikapatikana sehemu tatu. Ya kwanza ni "Naweza." Ya pili ni "Siwezi." Ya tatu ni "Naweza nikisaidiwa." Kila mtoto hupewa vifuniko vya soda, kila kifuniko ni shida yake moja. Si lazima aseme ni shida gani. Huiweka tu mahali pake. Anayetaka kusema, husema.

Mwanzoni karibu vifuniko vyote huenda kwenye "Siwezi." Na ni kweli viko vya huko. Mwaka 2017 mgao wa chakula ulipopunguzwa, hakuna mtoto aliyeweza kuuongeza. Kulijua hilo ni nafuu pia, kwa sababu wapo watoto waliodhani njaa ya nyumbani ni kosa lao, kwamba wao ndio wanaokula sana. Kisha polepole vifuniko huanza kuhama. Ugomvi na kaka: naweza. Njia ya kuni: naweza nikisaidiwa, twende watano, tumwambie mtu mzima saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Hesabu zinanishinda: naweza nikisaidiwa. Mara nyingi ile sehemu ya tatu ndiyo hujaa, na hapo ndipo mtoto anapojifunza jambo kubwa, kwamba kuomba msaada si aibu.

Lakini hapo pia ndipo sisi watu wazima tunapokamatwa. Siku moja msichana wa miaka kumi na mitano aliweka kifuniko kwenye "Siwezi," akakaa akikitazama. Wenzake walipoondoka alimwambia mwalimu: nyumbani wanazungumza mahari. Mwalimu angeweza kumwambia avumilie. Alichofanya ni kumwomba ruhusa, akakisogeza kifuniko kwa kidole hadi sehemu ya tatu, na jioni ile akaja kwa wenzake wa kamati. Tulikwenda nyumbani kwao mara nne. Mara ya pili tulifukuzwa. Mara ya nne shangazi wa baba ndiye aliyesema neno, nalo likasikilizwa kuliko yetu yote. Binti alibaki shule mwaka ule. Hatudai kwamba kila kifuniko kinasogezwa. Twasema hivi: ukimfundisha mtoto kuomba msaada, kisha akauomba nawe usiende, umemfundisha uongo, na hatauomba tena.

Kuna shida nyingine ya hapa petu ambayo vitabu vya wageni haviielezi sana, nayo ni dawati kubaki tupu. Katika miaka iliyofuata 2015 ndugu zetu wengi walipelekwa Marekani. Familia inaitwa, inapanda basi alfajiri, na mtoto aliyeshiriki dawati na mwenzake miaka mitano anakuta nafasi wazi. Hakuna msiba, hakuna mtu aliyekufa, kwa hiyo hakuna anayempa pole. Sasa madarasa mengine yana desturi ya kuaga. Anayeondoka anasimama, wenzake mmoja mmoja wanamwambia jambo moja watakalomkumbuka nalo, naye anamwachia anayebaki kazi yake ya darasani, kufuta ubao au kugawa madaftari. Halafu ikaja Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watoto waliokwisha kuaga wakajikuta wangali hapa. Mtu hafundishwi popote namna ya kurudi darasani baada ya kuagwa! Ushauri wetu ni mmoja: mwalimu ampokee kama mtu aliyetoka safari, ampe kazi yake, na asimwulize mbele ya wenzake habari za kesi ya familia.

Hapo tuseme neno la tahadhari. Wapo wenye nia njema wanaodhani dawa ya mtoto ni kumwambia asimulie yote aliyoyaona, mbele ya darasa, hata alie. Tusifanye hivyo. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake husema mambo matatu tu: angalia, sikiliza, unganisha. Yaani tazama nani ana shida, msikilize bila kumlazimisha kusema, kisha mfikishe penye msaada. Mtoto asiyelala wiki nyingi, au anayesema afadhali kufa, au asiyesema kabisa, huyo si wa vifuniko vya soda. Apelekwe kwa washauri na kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwalimu si daktari, na hakuna anayemtaka awe.

Kuhusu fimbo tutasema kifupi kwa sababu tumelisema mara nyingi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, wataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Najua mtasema nasi tulichapwa tukasoma. Tulichapwa, ndiyo. Tuwahesabu na wale walioacha.

Wageni wetu wa mashirika, mtuwie radhi, sasa tunawageukia. Tunashukuru kwa mengi. Mama Graça Machel, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Msumbiji, alipopeleka ripoti yake Umoja wa Mataifa juu ya watoto katika vita, ilikuwa 1996, mwaka ule ule kambi hii ilipofunguliwa. Alitaka elimu isingoje vita viishe, na tangu siku za kwanza shule zilikuwako hapa, chini ya miti na mahema. Hilo hatulisahau.

Lakini semina ya siku tatu, soda, cheti, na kisha kimya, haimsaidii mwalimu. Mwaka mmoja huitwa msaada wa kisaikolojia, mwaka unaofuata ni stadi za maisha, mwaka wa tatu jina jingine. Mtoto ni yule yule. Tungependa anayetufundisha arudi baada ya mwezi, akae nyuma ya darasa siku nzima, atuambie tulipokosea. Tungependa mradi usikatwe katikati ya mwaka wa shule, maana kila unapokatwa kuna mtu mzima mwingine anayetoweka katika maisha ya mtoto ambaye wamekwisha kumtoweka wengi. Tena msisahau kwamba mwalimu ni mkimbizi. Anapata motisha, hapati mshahara. Naye amezika watu. Naye jana huenda hakula. Kila Ijumaa jioni baadhi yetu hukaa chini ya mwembe tukaulizana habari za wiki, bila ajenda na bila kuandika ripoti. Wengine huja wakanyamaza tu, wakaondoka. Tumeona wanaokuja hapo hawachapi watoto kama zamani.

Akina baba na akina mama, ninyi hamtakiwi kuwa walimu. Tunawaomba mambo ambayo hayana gharama. Mwulizeni mtoto jioni, si alipata alama ngapi, bali alicheza na nani. Mwacheni acheze, anayeruka kamba au kukimbiza mpira wa makaratasi hapotezi wakati. Mpeni kazi inayomfaa umri wake, lakini msimpe kazi ya nyumba nzima kama yule mvulana wetu. Na kama nyumbani kuna ugonjwa au msiba, tumeni mtu shuleni aseme, hata kwa neno moja. Tusingemchapa.

Jumamosi saa tatu asubuhi wazazi wa mwaka wa tatu na wa nne wanakaribishwa shuleni kuliona zoezi la mistari na kulifanya wenyewe. Vifuniko tunavyo. Anayeweza kuja na mkeka aje nao, kwa sababu viti havitoshi.

Tumeambiwa dakika zetu zimekwisha na watoto wa ngoma wanasubiri. Yule msichana wa kengele amemaliza shule ya msingi. Kile chuma amemkabidhi mvulana mdogo wa mwaka wa pili, ambaye naye ana sababu zake. Leo tumemwomba dada yake huyo wa kengele aje amsimamie. Mtakaposikia ikigongwa, michezo imeanza.